Wametupoteza, Tudai Nini?

Jamani, kama kuna siku benchi la Soli lilikaribia kuvunjika kwa watu kukaa na kusimama, kukaa na kusimama, ni siku ile. Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu mbele ya kibanda cha viatu, pembeni ya kinyozi, na kila asubuhi wanakunywa kahawa hapo watu wale wale. Yuko Soli, fundi viatu, mwenye kibanda. Yuko Mkasi, kinyozi, ambaye kichwani kwake hakuna hata unywele mmoja wa kunyoa. Yuko Gia, dereva wa lori ambalo liko gereji tangu mvua zilizopita. Na yuko Karani, mstaafu wa ofisi, anayewaandikia watu barua kwa mwandiko wa kumfanya hakimu akae vizuri kitini. Siku hiyo simu ya Soli ilianza kulia saa moja, na kabla kahawa ya kwanza haijamiminwa ilikuwa imeshaingiza meseji arobaini na moja, zote kutoka Ofisi ya Usajili.

— Soma tena, polepole! alisema Mkasi, ameacha mteja kitini na povu shavuni.

Soli akasoma. "Taarifa zako ulizohakiki mara ya mwisho tarehe iliyo hapo chini zimepotea wakati wa kuhamisha mitambo. Zilizobaki kwetu ni jina, namba ya simu na tarehe hiyo tu. Tunaomba radhi. Madai yapelekwe kwa maandishi kabla ya kesho saa sita mchana."

— Kesho! Gia akaruka. Wamepoteza nchi nzima halafu wanatupa siku moja!

— Na kwa nini zote zimekuja kwako? aliuliza yule mwenye povu.

Wote wakacheka, maana jibu walilijua. Miaka sita nyuma, waandikishaji walipoweka meza zao kwenye madarasa ya shule, walikataa kumwandika mtu asiye na namba ya simu. Wengine hawakuwa na simu. Wengine walikuwa nazo ila hawakutaka serikali iwapigie. Namba ya Soli ilikuwa imepakwa rangi nyekundu mlangoni mwa kibanda, na mtaa mzima uliijua kwa kichwa. Basi foleni nzima ikatoa hiyo hiyo. Serikali ikiwa na neno, impigie Soli.

Kwa hiyo asubuhi ile Soli alikuwa anaita majina kama mwalimu wa zamu, na watu wanapita wanajibu "nipo". Jina moja tu hakuliita. Lilikuwa jina la mdogo wake, majina yote matatu. Mdogo wake aliondoka miaka mitano iliyopita, na hakuna aliyejua kama yu hai. Soli hakutazama hata tarehe. Aliisukuma meseji juu kwa kidole, akaita inayofuata, na ndani akajisemea kwamba sasa hata karatasi yake imepotea.

— Sikilizeni, alisema Karani, kalamu tayari. Tunaandika dai la pamoja. Kila mtu aseme kilichompotea.

— Vidole! Gia akanyoosha mikono yote miwili. Walinichukua alama kumi. Kila kidole kina bei yake, na gumba liko juu, maana gumba ndilo linalosaini.

— Vidole si unavyo hapo?

— Ninavyo, lakini na mwingine sasa anavyo! Mtu akiiba benki huko aliko, mimi ndiye nimegusa mlango!

— Mimi wamepoteza picha yangu, alisema Mkasi kwa uchungu wa kweli. Picha ya nywele. Miaka sita iliyopita nilikuwa na nywele hadi hapa! Ile ndiyo picha yangu ya mwisho nikiwa nazo. Watanilipa nini, kofia?

— Andika kofia, Gia alimwambia Karani.

— Nyamazeni, alisema Karani. Nyie mnadai vipande. Mimi niliyekaa ofisini miaka thelathini nawaambia: kama rejista haipo, sisi hatujasajiliwa. Kama hatujasajiliwa, hatujazaliwa. Tunadai maisha mazima.

— Hatujazaliwa? Gia akakaa. Akasimama. Sasa mzee, kama sijazaliwa, ndoa yangu imekaaje?

— Haipo.

— Usinipe furaha ya bure, mzee wangu, mama watoto yuko pale dukani anatusikia!

Benchi likatikisika kwa vicheko. Soli peke yake aliendelea kupaka gundi soli ya kiatu.

— Mnajisumbua, alisema. Serikali ikikulipa, imetoa kwenye mfuko wako wa kushoto imetia wa kulia, na njiani imekata nauli. Hiyo fidia wataitoa wapi kama si kwetu?

— Basi wasilipe? Mkasi akawaka. Mimi nikimkata mteja sikio, niseme damu ni yake mwenyewe?

Yule mwenye povu akashika sikio lake.

— Sisemi wasilipe. Nasema mimi sidai. Wamepoteza nini changu? Jina langu ninalo, kibanda kiko hapa, namba iko mlangoni. Mimi sijapotelewa na kitu.

Alisema hivyo kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Wenzake walikuwa wamemzoea, wakadhani ni ubishi wake wa kila siku.

Ndipo akafika dada mmoja, nesi aliyetoka zamu, sare bado mwilini na kiatu kimoja mkononi, kisigino kinaning'inia. Mtaani hapo alikuwa mgeni. Soli akampa kigoda na kukipokea kiatu.

— Dada yangu, umekuja wakati wake, alisema Karani. Huyu fundi mikono imejaa gundi na mimi nahitaji majina na tarehe. Tusomee hizo meseji.

Soli alitaka kuinyakua simu, lakini kweli vidole vyake vilikuwa vimenata, kimoja kwenye kisigino na vingine vimeshikana. Dada akaanza kusoma. Jina, tarehe. Jina, tarehe. Zote zilikuwa siku ile moja ya foleni ya shuleni, kwa sababu hakuna mtu wa mtaa ule aliyewahi kurudi kuhakiki kitu. Karani akawa anaandika "kama juu, kama juu, kama juu". Kisha dada akasoma majina matatu, akaisogeza simu karibu na macho.

Wote walimjua mwenye majina hayo, na wote walijua hayatajwi pale.

— Huyo mruke, alisema Soli.

— Naruka, kaka. Ila mbona tarehe yake ni ya mwaka huu?

— Tarehe gani?

— Tisa, mwezi wa tatu, mwaka huu.

Soli alisimama na kiatu kikiwa bado kimemganda mkononi, akainama juu ya simu, akaisoma tarehe mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

— Labda wamekosea, alisema. Hao si ndio waliopoteza kila kitu? Au mtu mwingine amehakiki kwa jina lake.

— Haiwezekani, alisema dada. Mimi kazini walinilazimisha kuhakiki mwaka huu huu. Unakwenda mwenyewe dirishani, unaweka vidole, visipolingana na vya zamani wanakurudisha. Kisha wanakuuliza, namba ya simu ni ile ile? Ukisema siyo, wanaibadilisha hapo hapo.

— Wanauliza? alisema Soli.

— Wanamuuliza kila mtu.

— Na yeye akasema ile ile.

— Ndiyo hivyo, kaka. La sivyo meseji isingekuja hapa.

Ilikuwa kama mtu amewasha moto chini ya ubao! Gia alimkumbatia Mkasi, Mkasi alimkumbatia mteja, povu likahamia kifuani kwa kinyozi. Karani alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

— Yu hai! Gia alipiga kelele hadi mkewe akatoka dukani. Mdogo wake Soli yu hai! Mwezi wa tatu alikuwa dirishani!

Soli alicheka, na machozi yakawa yanamtoka, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ya gundi. Mama yao alifariki akiwa anamuulizia huyo kijana. Miaka yote Soli alikuwa amebeba neno moja alilomwambia mdogo wake mbele ya wateja, kwa ajili ya viatu vya harusi ambavyo kijana alivibandika vibaya: toka hapa, usirudi mpaka uwe mtu.

— Sasa, alisema Mkasi huku akirukaruka kwa furaha, kama namba anayo, mbona hapigi?

Akajuta kabla hajamaliza. Lakini Soli hakukasirika.

— Anasubiri kuwa mtu, alisema. Nilimwambia mwenyewe.

— Basi tukamfuate! alisema Gia. Lori likitoka gereji tu, tunakwenda hata mwisho wa dunia! Alihakiki mji gani?

Wote wakamgeukia dada. Dada akatazama simu, akashuka hadi chini ya meseji, akapanda hadi juu.

— Haisemi. Ofisi ya kuhakikia, anwani, kazi, vyote vinaandikwa kwenye taarifa zenyewe.

— Na hizo taarifa? aliuliza Gia, ingawa alishajua.

— Ndizo zilizopotea.

Soli akakaa benchini, katikati yao, jambo ambalo hakulifanya kamwe saa za kazi. Kulikuwa na mahali, na dirisha, na mwandikishaji aliyemtazama mdogo wake usoni miezi michache tu iliyopita na kuandika anakoishi. Hasira ikampanda, hasira safi, na chini yake furaha iliyokataa kushuka.

— Mzee, geuza karatasi, alimwambia Karani. Niandikie na mimi dai. La kwangu peke yangu.

Karani akageuza upesi, akaandika tarehe, akaandika "Yah: Madai ya Fidia", akapiga mstari kwa leso aliyoikunja iwe rula.

— Haya. Kiasi gani?

Soli alimtazama Gia. Gia, aliyeweka bei ya kila kidole, alitazama chini. Mkasi naye hivyo hivyo.

— Usiandike kiasi, alisema Soli. Andika hivi. Tarehe tisa mwezi wa tatu mlikuwa naye, amesimama mbele yenu. Mama yetu amefariki na hajaambiwa. Mimi ndiye niliyemfukuza, na nataka kumwambia arudi alivyo. Yuko wapi?

Karani akaandika neno kwa neno. Dada akasimama na mguu mmoja peku, akasema ofisi inafungwa saa kumi na barua kama hiyo haingoji kesho, na wote wakaondoka naye.