Moffat Theuri, Mpima Kahawa na Mpima Hoja

Ijumaa, tarehe 29 Machi 1985, Bwana Moffat Theuri atafunga mizani ya kiwanda chetu cha kahawa cha Ruthanji, hapa Tetu, kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametutumikia miaka ishirini na saba.

Alianza mwaka 1958 akipakua magunia, na mwaka 1962 akawa karani wa mizani. Tangu hapo hakuna kahawa iliyoingia mashineni bila kupita mbele ya macho yake. Nyekundu ilipita. Mbichi na iliyokauka ilichambuliwa, ikaanikwa na maganda yake, ikaitwa mbuni, kahawa ya bei ya chini kabisa. Kila mkulima anaujua uchungu wa neno hilo.

Mwaka 1964 mzungu mmoja wa upande wa Mweiga alikuwa akiuza vyombo vyake ili ahame. Theuri alikwenda kununua wilbaro ya kusukumia magunia, akarudi na sanduku la vitabu vya falsafa. Mkewe, Watiri, alizunguka nyumba mara mbili akiitafuta hiyo wilbaro. Hajaiona hadi leo.

Vitabu vilikuwa vya Kiingereza kigumu, naye alikuwa ameishia darasa la sita. Akanunua daftari la shule na kamusi. Kila hoja aliyoisoma aliiandika kwa Kiswahili upande wa kushoto, kwa sababu aliamini kwamba usichoweza kumweleza jirani hujakielewa. Upande wa kulia aliipima kama kahawa: gredi ya kwanza, gredi ya pili, au mbuni. Wenye majina makubwa duniani walirudishiwa magunia yao bila kuonewa haya.

Sasa nifike mahali ambapo ni vigumu kwangu kuandika. Mwezi wa Novemba 1974, katikati ya msimu, daftari moja lilisahauliwa juu ya mizani likiwa wazi. Ukurasa ulisema: "Mzee huyu anadhani ni yeye peke yake mwenye macho, sisi wengine tufuate tu. Mbuni." Karani mmoja wa mashine alilipeleka mbio kwa mwenyekiti wa chama chetu cha ushirika wakati huo, Mzee Kihara. Karani huyo ni mimi, Gatimu, ninayeandika haya. Kazi ya mizani nilikuwa nikiitamani, na sitaificha aibu hiyo leo.

Mzee Kihara alisoma, akavua kofia. "Ati mimi ni mbuni?" Kamati ikaamua siku hiyo hiyo: Theuri ayachome madaftari yake yote na kuomba radhi, au aiache kazi. Alikuwa na watoto watano shuleni. Tulijua atachoma. Theuri akajibu kwamba kazi anaitaka na madaftari anayataka, ila anaomba kitu kimoja: daftari lisomwe lote mbele ya wanachama, na msomaji wamchague wao. Wakanichagua mimi.

Wakulima walijaa uwanja wa kiwanda. Nikasoma. Haikuchukua muda ikajulikana kwamba yule mzee ni mwanafalsafa wa Kigiriki aliyekufa zamani, aliyetaka wenye hekima pekee ndio watawale. Nikageuza ukurasa, nikaendelea kusoma: "Theuri, jana ulimrudishia mama mmoja gunia lake bila kumsikiliza. Mbuni." Mkulima mmoja, Mama Wachuka, akasimama katikati ya watu na kupiga kelele: "Hiyo gunia ilikuwa yangu!" Uwanja mzima ulicheka. Kufikia mwisho wa daftari, Theuri alikuwa amejiita mbuni mara thelathini na moja, nyingi kuliko alivyomwita mwanafalsafa yeyote.

Mzee Kihara alicheka hadi akashika kiuno. "Na mimi je, niko gredi gani?" akauliza. "Wewe, mwenyekiti, bado sijakumaliza kusoma," Theuri akajibu. Hakuna aliyetaja kuchoma tena. Makofi ya siku ile yalisikika hadi barabarani.

Tangu mkutano ule Theuri hakumrudishia mtu gunia bila kumweleza sababu, na wakulima wakajifunza kuchuma vizuri zaidi. Misimu mitatu mfululizo kahawa yetu ilipata gredi ya kwanza. Madaftari yamefika arobaini na manne. Kamati imeyatengenezea kabati ofisini, na siku za kuleta kahawa utamkuta mkulima akisubiri zamu huku akibishana na Wagiriki.

Nimebakiza jambo moja. Jumatatu baada ya mkutano ule, Theuri alikuja kwenye mashine yangu. Nilijua amekuja kunisema. Akanipa daftari lake jingine. "Hii nayo usome mpaka mwisho, Gatimu," akaniambia, akarudi kazini. Tangu siku hiyo ananiletea kila analolimaliza, na kwa miaka kumi hajanitajia kosa langu hata mara moja. Nami sijawahi kumwomba radhi. Leo naomba, mbele ya wanachama wote: Mzee Theuri, nisamehe.

Asante kwa kutupima kwa haki, na kwa kujipima wewe kwanza. Chama chote kinakuombea macho mazuri na vitabu vinene.