Kimya cha Katana

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Yesu, jina ambalo shetani hajalizoea mpaka leo. Mimi ni Mama Kahindi, nauza mahamri hapa Mishomoroni. Wengi mwamjua mume wangu Katana, fundi wa kuchomelea vyuma kule Magongo. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Hata kuku aliwapa habari.

Mwaka jana alianguka kazini. Kiharusi. Mkono wa kulia ukafa ganzi, ulimi ukafungika. Hospitalini wakaniambia, "Mama, mzoeshe maneno taratibu, na uwe na subira." Basi kila asubuhi nikimkalisha barazani, namwambia, "Sema maji. Sema chai." Yeye machozi tu. Majirani walipita wakicheka, ati nafundisha jiwe. Nilipandisha sauti makusudi, wasikie vizuri.

Nisiwafiche, kuna siku nilimuuliza Mungu, "Baba, umeniacha na nani?" Kisha nikajifunga leso, nikarudi barazani.

Mama mkwe akaja kutoka Kaloleni. "Mwanangu, huyu amerogwa. Mganga yuko tayari, tumpeleke."

"Mama, nakuheshimu, lakini Katana haendi huko."

"Wataka nimzike mwanangu?"

"Nataka umngoje pamoja nami."

Aliondoka kwa hasira. Juma lililofuata akarudi na tuktuk na shemeji zangu wawili. Wakamshika Katana makwapani, wakamwinua. Nikasimama mbele ya ile tuktuk, nikawaambia, "Mtapita juu yangu."

Hapo tukasikia sauti nzito, ya kukwaruza, ikitoka kwa Katana mwenyewe: "Si-ta-ki."

Shemeji wakamkalisha. Mama mkwe akaketi chini, akalia. "Katana, hebu sema tena." Akasema tena.

Ndugu zangu, mkono bado haujaamka. Maneno yanakuja moja moja, mengine yanamshinda. Kuna wanaoniuliza, mbona washukuru na kazi haijaisha? Nashukuru sasa kwa sababu sifa za Mungu wangu siziweki deni.

Nawe unayengoja, uliyeambiwa umechelewa na utafute njia nyingine, usihame. Mtumaini Yesu, na ukingoja, fanya kazi. Wakucheke.

Mume wangu amekaa pale nyuma, kando ya mama yake. Baba Kahindi, waambie watu wa Mungu amina. Tutakungoja.