Staata ya Landrova ya Awil

NOORDIN: Haloo? Haloo! Nani huko?

SAHARA: Noordin? Ni mimi, Sahara, bibi ya Awil. Napiga kutoka Garissa, dukani kwa Bi Bishara.

NOORDIN: Shemeji! Assalaamu alaykum! Iska warran—

SAHARA: Kiswahili, Noordin! Operata amesema tukiongea Kisomali anakata.

NOORDIN: Haya, haya. Kiswahili. Habari ya nyumbani? Ndugu yangu—

SAHARA: Wa alaykum salaam. Sina nafasi ya salamu ndefu. Staata uliyotuma kutoka Nairobi imefika.

NOORDIN: Alhamdulillahi! Mpe fundi Nuh, ataifunga akinywa chai.

SAHARA: Nuh hayuko. Asubuhi alitoa ile mbovu. Kabla hajafunga mpya askari wakapita, wakakusanya wanaume wote wa mtaa. Wako uwanjani juani, wanakaguliwa vipande vya utambulisho. Hii staata iko mkononi mwangu. Niambie inafungwaje.

NOORDIN: Wewe? (anacheka) Shemeji, ufundi wa gari—

SAHARA: Usicheke!

[Laini inakwaruza.]

NOORDIN: Kuna nini, Sahara?

SAHARA: Ni Lul. Binti yangu ana mimba ya miezi minane na anatokwa damu tangu juzi. Daktari ameandika barua, apasuliwe Nairobi. Kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto. Uchungu ukimkuta hapa, tunampoteza yeye na mtoto.

NOORDIN: Ya Rabbi... Na gari ya wagonjwa?

SAHARA: Imekwenda Wajir. Msafara wa askari unaondoka saa nane, na sasa ni saa saba na robo. Bila msafara hakuna gari inapita barabara ile. Msafara mwingine ni baada ya siku tano.

NOORDIN: Basi piga hendeli! Ile Landrova ni ya mwaka hamsini na moja, inawaka kwa—

SAHARA: Hendeli askari waliichukua kwenye kizuizi cha barabara. Walisema chuma kirefu ni silaha.

NOORDIN: Isukumeni.

SAHARA: Tumesukuma, wanawake tisa. Mchanga umemeza nusu ya gurudumu.

NOORDIN: Na ikiwaka, nani ataendesha? Awil pia yuko uwanjani?

SAHARA: Nitaendesha mimi. Alinifundisha wakati ule tunapeleka sukari Tarbaj. Pasi ya barabara wameandika jina langu.

NOORDIN: Jina lako? Kwa nini si—

SAHARA: Noordin, dakika zinakwisha! Naanza wapi?

NOORDIN: Betri. Toa kwanza waya mmoja, ule unaokwenda kwenye chasi. Usipoutoa, spana ikigusa chuma itakuunguza.

SAHARA: Nuh alishautoa.

NOORDIN: Vizuri. Sasa shika staata. Upande mmoja una meno, kama gurudumu dogo. Umeona?

SAHARA: Nimeona.

NOORDIN: Meno yaingie ndani ya lile tundu kubwa ilimotoka ile mbovu, yaelekee nyuma, kwa dereva. Ikikaa sawa utasikia imetulia. Halafu bolti mbili. Anza na ya juu, kwa vidole, usitumie spana. Ikikataa usilazimishe, itoe, anza tena. Gari iko mbali na simu?

SAHARA: Iko hapa nje, pua yake imegusa dirisha. Ngoja. Usikate!

NOORDIN: Sikati. Nenda.

[Simu imewekwa mezani. Mlio wa chuma. Mwanamke anakohoa. Muda unapita.]

NOORDIN: Operata, tafadhali, ongeza dakika tatu. Ndiyo, nitalipa mimi. Ongeza hata tisa.

SAHARA: Noordin? Ya juu imeingia. Ya chini imeniangukia mchangani mara mbili.

NOORDIN: Umepata?

SAHARA: Bishara ameipata, ameifuta na shuka lake. Imeingia.

NOORDIN: Wallahi wewe ni fundi! Sasa spana. Kaza juu, kaza chini, hadi mkono ukatae. Halafu ule waya mnene uweke kwenye skurubu ya staata, nati juu yake. Halafu rudisha waya wa betri.

SAHARA: Mnene, nati, betri. Ngoja.

NOORDIN: Sahara— Sahara, mama ameteremka. Nimesimama hapa hotelini Eastleigh, ameambiwa ni simu ya Garissa. Anataka kusikia sauti ya Awil hata neno moja—

SAHARA: Hakuna nafasi.

NOORDIN: Ni mama yake—

SAHARA: Nimesema hakuna nafasi! Nakwenda kufunga waya.

[Mlango unabamizwa.]

NOORDIN: Ana haraka, mama. Mtoto anaumwa... Sijui. Sijui, mama, keti kidogo.

[Hatua za mbio.]

SAHARA: Haiwaki! Noordin, haiwaki! Nimefunga kila kitu, nimebonyeza, inasema "tak" halafu kimya. Tak! Basi!

NOORDIN: Tulia. Taa za gari zinawaka?

SAHARA: Zinawaka vizuri.

NOORDIN: Basi betri ni nzima. Waya umekazwa?

SAHARA: Nimekaza hadi vidole vimechubuka. Umetuletea staata mbovu! Lul amelala nyuma kwenye godoro ananiangalia, niseme nini?

NOORDIN: Si mbovu. Niliijaribu hapa kwa mkono wangu, ikazunguka... Ngoja. Lo! Rangi.

SAHARA: Rangi gani?

NOORDIN: Niliipaka rangi nyeusi. Nilitaka Awil akifungua aone kitu kama kipya. Nikapaka hadi pale uso wake unapogusana na injini. Staata haina waya wa pili, Sahara, umeme unarudi kwa kile chuma. Rangi imeuziba. Nisamehe.

SAHARA: Nifanye nini?

NOORDIN: Toa waya wa betri tena. Legeza bolti, toa staata, chukua kisu, kwangua ule uso mpaka chuma king'ae. Rudisha. Saa ngapi huko?

SAHARA: Saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Malori yamekwisha kuwasha injini, nayasikia.

NOORDIN: Inatosha. Ulishaifunga mara moja, mkono unaijua. Kimbia!

[Sauti ya kisu juu ya chuma. Honi moja mbali.]

NOORDIN: Haloo, operata? Usikate. Mwanamke yuko chini ya gari, nakuomba kwa Mungu... Ahsante, dada.

[Honi ya pili.]

SAHARA: Nimekwangua! Inang'aa! Bishara anakaza bolti ya mwisho. Ameniambia nipumue.

NOORDIN: Pumua. Awil akiona hiyo kazi atakuoa tena.

SAHARA: Alikuwa anasema mimi sijui hata kufunga kifuniko cha radieta. Alikuwa—

NOORDIN: Alikuwa?

[Honi ya tatu.]

NOORDIN: Sahara. Kwa nini "alikuwa"?

SAHARA: Hiyo laini, haisikiki...

NOORDIN: Inasikika. Pasi ni jina lako. Awil hayuko uwanjani na wenzake. Nijibu.

SAHARA: Tulimzika Jumatano.

[Laini inakwaruza.]

NOORDIN: Inna lillahi wa inna ilayhi raajiuun.

SAHARA: Alikwenda kisimani kunywesha ngamia. Kukawa na risasi huku na huku. Hakuna anayejua ni ya nani, na mimi sijauliza. Noordin, usilie. Ukilia nami nitalia, na nikilia sitaiona barabara. Nilikuwa nakuja kumwambia mama mwenyewe, uso kwa uso. Usimwambie kwa simu.

NOORDIN: Sahara... amesimama nyuma yangu. Amesikia ile "Inna lillahi".

SAHARA: Ya Allah.

NOORDIN: Nenda ukawashe. Nenda! Klachi chini, gia isiwe ndani, bonyeza.

[Hatua. Mlio mkavu, mfupi. Mwingine. Halafu ngurumo, na vigelegele vya wanawake.]

SAHARA: Unasikia? Noordin, unasikia?

NOORDIN: Nasikia. Usiizime mpaka Thika, hata wakikusimamisha kizuizini. Nitakungoja pale na gari ya kwenda hospitali. Mchangani utoke kwa gia ya kwanza, taratibu—

SAHARA: Taratibu, ndiyo. Malori yanapita! Nakwenda.

NOORDIN: Mama amenyang'anya simu, Sahara, ngoja—

SAHARA: Mama? Mama, ni mimi. Sikuweza kukwambia. Nisamehe. Lul yuko ndani ya gari, mama. Tunakuja kwako.