Daftari Jeusi la Mwalimu Byabato

Mwalimu Protase Byabato anastaafu tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka thelathini ya kufundisha lugha hapa Buganguzi. Kwa miaka yote hiyo sikumbuki akianza kipindi bila kuuliza neno fulani limetoka wapi.

Kidato cha kwanza kilianza na neno etimolojia, yaani elimu ya asili ya maneno. Aliliandika ubaoni kwa Kigiriki, Kilatini, Kiitaliano, Kifaransa na Kijerumani, tuone jinsi lilivyovuka mipaka likibadili nguo tu. Kisha alitoa daftari kubwa jeusi. Sharti lilikuwa moja: aliyepata asili ya neno aliiandika kwa mkono wake mwenyewe, na jina lake pembeni. Mwenzetu Zahoro aliingia daftarini na neno meza, la Wareno. Mimi niliingia na neno shule, la Wajerumani, nikatembea siku nzima kama nimeijenga.

Vita vya 1978 vilimkuta likizoni Bukoba mjini. Alikimbilia Kemondo kwa miguu, daftari kichwani, godoro kaliacha. Mkewe, Felicitas, humkumbusha godoro lile hadi leo.

Yakaja maradhi. Darasa lililomaliza 1984 lilikuwa na wanafunzi thelathini na mmoja. Tumezika kumi na wanne. Mkaguzi mmoja aliagiza daftari lipigwe chapa upya, bila majina. Mwalimu, mtu asiyejua kugomba, alikataa katakata. Barua ya onyo aliifanya alama ya ukurasa.

Mwaka 1990 alikuja shuleni mama yake Klaudia; binti huyo alikuwa mmoja wa wale kumi na wanne. Vitu vyote vya binti yake vilichomwa kwa hofu ya ugonjwa. Mama huyo hakujua kusoma. Mwalimu alimsomea mstari wa Klaudia kuhusu neno bendera, naye akamwomba kwa Kihaya, waitu, tafadhali, arudie. Alirudia mara nne, kidole cha mama kikiwa juu ya wino. Tangu hapo wazazi huja, naye huwasomea hata katikati ya kipindi.

Sasa daftari linabaki kwangu, maktaba. Ameniagiza jambo moja tu: nisiwaharakishe wazazi hao.

Nimelisoma lote wiki hii nikilia. Ukurasa wa kwanza, kwenye neno etimolojia aliloliandika yeye mwenyewe, nafasi ya jina iko wazi.

Asante, Mwalimu. Nenda kwenye migomba yako, ule vizuri, ulale vizuri, uzeeke taratibu. Ila kabla hujaondoka, andika jina lako pale. Siku moja watoto wako watakuja, na mimi nataka niwe na cha kuwasomea.

Joviana, Maktaba