Kipimo cha Pumzi

"Shikamoo, mama. Si wewe ndiye fundi wa majoho ya kwaya pale Masama?"

Aliyeuliza ni kijana mwenye kifua kipana na miguu mifupi. Mama Priska, aliyekaa kando yake katika basi la kupitia Himo, aliitikia marahaba. Mimi nilikuwa nyuma yao, na masikio hayana kifuniko.

Kijana huyo, Gidioni, alitoa kwenye begi lake nguo nyeusi ya mpira, ya kuzamia. Kesho angeshuka chini ya bwawa kusafisha mlango wa maji. Nguo ilikuwa ya mtaalamu wa kigeni, mrefu na mwembamba, aliyekwisha rudi kwao. "Miguu nitaikunja, mama. Kifuani ndiko inanibana. Huwezi kuipanua?"

"Nikiishona, kila tundu la sindano litaingiza maji. Ulipoijaribu, ulivuta pumzi?"

"Niliibana, zipu ipate kufunga."

"Basi hukuijaribu, baba. Mwanakwaya simpimi mpaka aimbe." Akamzungushia futi yake ya kupimia kifuani. "Vuta."

Akavuta. Tuliokuwa karibu tukavuta naye. Mama akailaza futi juu ya nguo: vilipungua vidole vinne.

"Kawaambie haikutoshi."

"Nimeshatia sahihi kuwa inanitosha. Nikikataa, wanamchukua mwingine."

"Na huko chini utapumulia wapi?"

"Himo!" konda akaita. Gidioni akakunja nguo yake, akaaga, akashuka. Basi lilipoondoka nilimwona bado amesimama kando ya barabara, mkono kifuani, akijizoeza kupumua kidogo kidogo.