Siku Kasuku Alipokosea Kuniiga

Mheshimiwa Mkurugenzi wa kiwanda chetu. Daktari, mgeni wetu, uliyewaacha wagonjwa wako uje kukaa na watu wanaodhani ni wazima. Ndugu wa familia ya mstaafu mkiongozwa na wifi yangu, mkewe, hapo mbele. Wakataji, washonaji, wapiga pasi, watu wa vifungo, na ninyi wa stoo ambao hata leo mmekaa karibu na mlango: hamjambo nyote.

Mkurugenzi ameniomba niwe mfupi. Nimemwambia nitajaribu, naye amecheka, kwa sababu miaka yote niliyosimamia ukumbi wa ushonaji hajawahi kuniona nikifaulu.

Tumekuja kumuaga mkataji wetu mkuu. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo juu ya keki, lisomeni wenyewe. Sisi humu ndani tunamwita Kasuku, na hata mkewe akipiga simu getini humuulizia Kasuku. Kwa nini Kasuku? Kwa sababu mtu huyu alikuwa haoni mwendo wala hasikii sauti asiigeuze yake. Mlinzi akikohoa, Kasuku naye amekohoa. Mheshimiwa Mkurugenzi, uniwie radhi, lakini wewe tumekusikia ukipanda ngazi huku ukihema hata siku ambazo ulikuwa safarini.

Ila kazi yake kubwa nilikuwa mimi. Tepu shingoni, bega la kulia juu, midomo imebanwa katikati kama ya mtu anayelowesha uzi apate kuutunga kwenye sindano, halafu linakuja lile neno langu: "Jamani, uzi si wa baba yenu." Mlikuwa mnadhani sijui. Kioo cha ofisi yangu kina ufa pale chini, na sauti inapita. Kila baada ya chai nilikuwa nategesha sikio, na niseme ukweli, nilikuwa nafurahi sana. Nani asiyetaka kujua anavyoonekana na wenzake? Kioo cha nyumbani kinakuonyesha uso tu, hakikuonyeshi unavyogomba.

Mimi ni mdadisi, sifichi. Marehemu mama alikuwa akisema udadisi utaniponza, na mpaka leo nangojea uniponze. Nikipewa neno nalipindua kama nguo, nione limeshonwaje kwa ndani. Hata hili neno kiharusi nimelihangaikia: nani aliyeupa ugonjwa mbaya vile jina linalofanana na harusi? Kasuku alinijibu kwamba ni kwa sababu vyote viwili vinakuja ghafla na vinamwacha mtu hana la kusema. Wifi, hayo aliyasema yeye, si mimi.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyofungamana. Alikuja hapa muuguzi mmoja, dada mwembamba mwenye sauti kali, kutuzungumzia habari za presha na kiharusi. Tulikaa humu humu, tumeshiba, na nusu yenu mlisinzia. Mnamkumbuka? Alikuwa akisema: "Ukimtilia mtu shaka, mwambie: cheka nikuone. Inua mikono yote miwili nikuone. Sema nikusikie. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka, maneno yakikatika, hata kama ni moja tu kati ya hayo, usingoje la pili. Hospitali." Muuguzi akaondoka, nasi tukayasahau maneno yake kabla gari lake halijavuka geti.

Aliyekataa kuyasahau ni Kasuku. Si kwamba aliyajali, hapana, alikuwa amepata sauti mpya ya kuchezea. Majuma mazima, ukipita kwenye meza ya kukatia, anakuelekezea chaki: "Cheka nikuone. Inua mikono nikuone." Huyo muuguzi akabandikwa jina na Kasuku, Dada Nikuone. Tulichoka naye. Hata mimi nilitoka ofisini nikamwambia, kaka, inatosha, kata hizo kola.

Haya. Ikafika siku ile. Kengele ya chai ilikuwa imelia, watu wamerudi kwenye cherehani, na kupitia ule ufa wa kioo nikasikia Kasuku ameanza kuniiga. Watu wakacheka. Akarudia, wakacheka zaidi, mtu wa pasi akapiga makofi. Nami ndani nimeketi na tabasamu langu, nangojea nijisikie. Nikasikia, "Jamani, uzi... uzi si... u-ba..." Halafu mkasi ukaanguka sakafuni.

Nikajiuliza: huyo ni nani? Maana mimi nina makosa mengi, lakini kwenye neno langu la uzi sijawahi kukwama. Na mkasi wa mkataji hauanguki ovyo, Kasuku hakuuachia hata siku taa zilipozimika. Nikainuka, nikachungulia. Bega lililokuwa chini ndilo hilo la kulia, ambalo yeye hulipandisha kila siku. Midomo haikubanwa katikati, ilikuwa imeteleza upande mmoja. Nikasema peke yangu, kwa sauti: huyo si mimi.

Ndugu zangu, siwalaumu mliocheka. Mtu aliyewachekesha miaka yote anapokunja mdomo, mtadhani nini? Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha, lakini hawakutuambia tutaujuaje usaha ukishatunga ndani ya mzaha. Mimi nilijua kwa sababu moja tu: aliyekuwa anaigwa ni mimi, na mimi najijua.

Nikatoka. Ukumbi ukanyamaza, mkidhani leo amekamatwa. Nikasimama mbele yake na maneno yaliyonijia yalikuja kwa sauti ya Dada Nikuone, kwa sababu sikuwa na namna nyingine ya kuyakumbuka: "Cheka nikuone." Nanyi mkaangua kicheko, mkadhani msimamizi naye leo kaamua kulipiza. Kasuku akacheka nusu. Nikamwambia, "Inua mikono yote miwili nikuone." Wa kushoto ukapanda, wa kulia ukaishia kiunoni. Hapo ndipo kicheko kilipokatika, meza moja baada ya nyingine, mpaka nikasikia cherehani ya mwisho ikizimwa.

Mnaona? Mtu aliyenifundisha dalili za kiharusi hakuwa muuguzi. Muuguzi alizisema mara moja, nikasinzia pamoja nanyi. Aliyezikariri mpaka zikaniingia ni mgonjwa mwenyewe, kwa mzaha wake.

Kilichofuata mnakijua, lakini watoto wa familia wapo hapa na ni vizuri wajue. Kila mtu alikuja na dawa yake. Mmoja maji ya sukari, mwingine mafuta ya kuchua, mwingine kidonge cha mkewe cha presha. Wa stoo mkasema alazwe nyuma ya marobota apumzike, ataamka mzima. Yeye mwenyewe akawa anatikisa kichwa, anajivuta kuelekea mezani, kwamba amechoka tu, amalizie kola. Nikawaambia, mdomoni hakiingii kitu, hata maji, na kulala atalala hospitali. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu likasema liko mbali. Basi tukapakua sare za shule kutoka kwenye gari letu tukampakia yeye, dereva akawasha taa zote.

Kule hospitali, Daktari, wewe ndiye uliyetupokea. Hukuuliza ana umri gani wala nani atalipa. Uliuliza: "Mara ya mwisho mmemwona mzima lini?" Nilishangaa swali hilo, na baadaye nilirudi kukuuliza maana yake, kwa sababu kuuliza si ujinga. Ukanieleza kwamba kiharusi kingine ni mshipa ulioziba kichwani na kingine ni mshipa uliopasuka, na kwa macho huwezi kuvitofautisha, mpaka kichwa kipigwe picha. Ndiyo maana kidonge cha kubahatisha kinaweza kuua. Ukasema kile cha kuziba kina dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini dawa hiyo mlango wake uko wazi saa chache tu za mwanzo. Picha ikaonyesha cha Kasuku ni hicho cha kuziba: angelala nyuma ya marobota, angeamka mlango umefungwa. Mungu alijalia tukajibu: alikuwa mzima kengele ya chai ilipolia, alikuwa akimwiga mlinzi.

Nilikuuliza na mengine, ukanivumilia. Kwamba kuna anayeingiwa na giza jicho moja, kuna anayeyumba ghafla, kuna anayepigwa na maumivu ya kichwa ambayo hajawahi kuyaona. Kwamba dalili zikija na kuondoka zenyewe, hapo ndipo watu hushukuru na kurudi kazini, kumbe hiyo ni hodi. Anayepiga hodi atarudi.

Na kwa nini ilimpata? Wifi, funika masikio. Kasuku alikuwa na dawa za presha, akaziacha kwa sababu alijisikia vizuri. Sasa mtu hujisikia vizuri kwa sababu ya nini, kama si hizo dawa? Alitia chumvi kabla ya kuonja, sigara aliificha nyuma ya jenereta, na presha yenyewe haina kelele ya kumwambia kitu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tangu hapo kipimo cha presha kimekaa mezani kwangu, na anayekikwepa namfuata. Mkurugenzi, wewe bado nakufuata.

Alirudi. Mkono haukurudi wote, kwa hiyo mkasi aliuweka akahamia ukaguzi wa kola. Ulimi ulirudi polepole, leo mnazungumza naye vizuri. Lakini kuna kitu hakikurudi, nacho kimenikaa moyoni. Tangu siku ile hajamwiga mtu yeyote. Mlinzi anakohoa bure. Nami baada ya chai nategesha sikio kwenye ufa, nasikia cherehani tu.

Nilimuuliza sababu. Akanijibu polepole: "Dada, siku ile walicheka. Wakicheka tena, nitajuaje wanacheka nini?"

Jibu nimelitafuta muda mrefu. Leo ninalo. Kaka, wao hawatajua, lakini mimi nitajua. Sauti yangu naifahamu, na ukikosea sitakaa ofisini nikitabasamu, nitatoka tena. Nakuomba usiondoke na sauti yangu imefungiwa mdomoni. Njoo hapa mbele uniige. Tepu hii hapa. Nanyi wengine tulieni, mtu asicheke mpaka niseme.

Haya.

Bega la kulia, limepanda. Si lote, lakini limepanda. Midomo katikati, ndiyo. Sema nikusikie.

Mmemsikia? Amechelewa kidogo kwenye "uzi," lakini "baba yenu" amelifikisha lote, na ukali wake wote. Wifi, futa machozi, nami nitafuta yangu.

Huyo ndiye mimi. Sasa chekeni, ndugu zangu, ruksa. Mimi wa kwanza na mimi wa pili tunawashukuru kwa kutusikiliza.