Vita vya Kompyuta ya Milka

Benchi liko nje ya duka la Masafa, fundi wa redio, mjini Migori, mlango wa pili kutoka kwa Milka anayepiga chapa barua na mitihani ya shule. Kahawa ni ya Dishon, mchuuzi. Njugu pia ni zake, amezifunga kwenye karatasi zilizokunjwa kama pembe. Masafa ni Msabato, kahawa haigusi, anatafuna njugu. Jenerali hakuwahi kuwa jenerali. Aliendesha lori la jeshi miaka kumi na minane. Elijah huitwa Katibu kwa sababu ni katibu wa wachimbaji dhahabu wa Masara. Jumatatu, tarehe 26 Aprili 1999, kompyuta ya Milka ilizimika na haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na majina ya wachimbaji 164 na namba zao za kitambulisho. Katibu alikuwa amewafuata wiki sita kuwaandika. Wengine tayari walikuwa wamehamia Sori, ziwani, kuvua samaki, wengine wamevuka mpaka. Afisa wa madini angefika Ijumaa kuchukua orodha, na asiyekuwemo angetoka shimoni, nafasi yake ichukuliwe na kampuni ya kutoka Nairobi. Mazungumzo haya ni ya Alhamisi, saa nne asubuhi.

— Si ya Milka peke yake, Masafa alisema. Redio imesema kompyuta zimekufa nchi nyingi. Korea, Uturuki, huko kote. Siku moja.

— Siku moja? Jenerali aliweka kikombe chini. Basi hiyo ni vita. Ajali haina kalenda.

— Wanasema ni virusi.

Neno hilo, Migori, mwaka huo wa ukimwi, halikuwa la mzaha.

— Ya kompyuta, Masafa aliongeza. Inaingia, inalala, inangoja tarehe yake.

— Kama askari wa kuvizia. Na askari ana mkubwa wake. Nani ametuma?

— Hawajasema.

— Watasema aje? Si wewe ulituambia huko Yugoslavia wanarushiana mabomu na bado wanapigana na kompyuta? Raia atatoa wapi kompyuta ya kupigana? Hiyo ni serikali.

Katibu alisogea.

— Jenerali, hayo maneno tunaweza kuyaandika?

— Wapi?

— Kwa D.O. wa tarafa. Kama ni vita, si makosa ya mtu. Afisa wa madini atatuongezea siku.

Alikuwa na kalamu na karatasi moja safi. Aliandika salamu, tarehe, na neno Kuhusu. Hapo akakwama.

— Niandike tumepigwa na nchi gani?

— Tanzania, Jenerali alisema. Mwamba wa Masara umepita chini ya mpaka. Wanataka dhahabu.

— Wanataka dhahabu ya Masara, halafu wanaua kompyuta ya Korea? Masafa aliuliza.

— Kuficha nyayo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Shemeji yangu yuko Sirari, upande wa Tanzania, Dishon alisema akimimina. Ofisi anayofagia wanaandika na kalamu. Hawana kompyuta hata moja.

— Unaona? Walijua inakuja.

Masafa alitikisa kichwa.

— Wewe unaangalia chini, omera, ndugu yangu. Angalia juu. Kuna chombo kinapita kila siku saa tisa, mimi nakisikia kwa redio kikikwaruza. Hicho ni cha mataifa makubwa. Kinapiga picha mpaka ndani ya shimo. Wanajua Masara kuna gramu ngapi kabla mchimbaji ajue.

— Na majina yetu wanataka ya nini? Katibu aliuliza.

— Bila majina, shimo ni la nani?

Katibu aliandika hilo. Kisha akasema barua bila ombi ni salamu tu. Serikali ifanye nini?

— Ifunge mpaka wa Isebania leo, Jenerali alisema. Mahindi isivuke, ndizi isivuke. Mtu akilala njaa siku tatu atataja aliyetuma virusi.

— Ndizi zinatoka kwao kuja kwetu, Dishon alisema. Nani atalala njaa?

— Vita ina hasara yake.

— Huwezi kupiga mtu kabla ujue ni nani, Masafa alisema. Redio ikikwaruza sing'oi kila kitu, natafuta waya moja. Serikali zikae chini zikubaliane: kompyuta ya hospitali haiguswi, yenye majina ya watu haiguswi. Kama vile kwa vita gari ya msalaba mwekundu haipigwi.

— Na asiyekubali? Jenerali aliuliza.

Masafa aliomba njugu zingine.

— Mimi nasema tulipize, Jenerali alisema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo virusi iko kwa Milka siku tatu, inakaa bure. Itolewe, ifungwe kwa gunia, irudishwe.

— Irudishwe wapi, na hujui ilitoka wapi? Masafa aliuliza.

— Itajua yenyewe. Ng'ombe ya wizi ukiifungulia inarudi boma yake.

Katibu aliandika boma, akalikata. Milka alikuwa amesimama mlangoni pake.

— Katibu, usisahau kuandika Kosele.

— Kosele ya nini?

— Fundi alikuja jana kutoka Kisii. Amesema iliingia na disketi. Mwezi huu disketi ya kutoka nje ni moja tu, ile ya mchezo wa karata uliyoleta kutoka kwa binamu yako kule Kosele.

Jenerali alifikiri.

— Kosele wana serikali?

— Wana chifu, Dishon alisema.

— Basi chifu ametumiwa.

Katibu aliifunika kalamu.

Bhoke alikuja kutoka upande wa Masara, vumbi la mawe bado mikononi. Ni mjane, anasaga mawe yanayotoka shimoni. Aliwasalimu wazee. Walimsogezea nafasi, hakukaa.

— Nimesikia mashini imekufa.

— Ni vita, mama, Katibu alisema. Tunaandikia serikali.

— Sawa. Lakini mimi sikuandikwa na mashini. Wewe ulikuja kwangu na kitabu, ukaniandika na kalamu. Hiyo kitabu iko wapi?

Katibu alimtazama Milka.

— Nilipomaliza kupiga nilikuuliza, Milka alisema. Ukasema tumeingia kompyuta, makaratasi ni ya zamani. Nikampa Dishon, kama karatasi zote.

Masafa aliacha kutafuna. Jenerali alimwaga njugu mkononi, akaikunjua pembe yake. Ndani, kwa wino wa buluu, iliandikwa Nyasuguta Wangwe, na namba iliyokatika baada ya tarakimu ya tano, pale kisu cha Dishon kilipopita. Dishon aliinua birika. Chini yake palikuwa na karatasi zilizobaki, unene wa kidole.

Bhoke alichuchumaa, akaanza kutafuta jina lake.

— Mmekula watu wangapi? aliuliza.

Jenerali aliinuka, akaenda kuokota pembe zilizotupwa kando ya mtaro. Katibu aliigeuza barua ya serikali upande wa nyuma, akaandika: 1. Nyasuguta Wangwe. Akaandika tarakimu tano, akaacha nafasi.